Mkimbiaji Ameamkaje?

Hodi hubishwa kabla jua halijachomoza. Langoni amesimama mtu mwenye kitambulisho, mkoba wa vichupa na fomu za kujazwa, na mkimbiaji aliyekuwa usingizini dakika moja iliyopita anatakiwa aamke, ajitambulishe, kisha atoe mkojo mbele ya macho ya mgeni. Ndiyo sheria. Mwanariadha aliyeorodheshwa kupimwa nje ya mashindano hueleza kila robo ya mwaka atakuwa analala wapi, na hutaja saa moja ya kila siku, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, ambayo mpimaji akija lazima amkute. Wengi huchagua alfajiri, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ambayo mtu ana hakika atakuwa kitandani mwake. Akikosekana au akikosea taarifa zake mara 3 katika miezi 12, anaweza kufungiwa miaka 2 hata kama mwilini mwake hamna chembe ya dawa.

Sina ugomvi na sheria hiyo. Riadha ya Kenya imejichafua yenyewe vya kutosha, na anayelalamika kwamba tunaonewa akumbuke kisa cha Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2:03:23 aliyoiweka Berlin mwaka 2013. Alipotakiwa aeleze kwa nini hakupatikana siku moja ya Mei 2019, utetezi wake uliambatana na picha ya lori lililopinduka barabarani. Ikaja kugundulika kwamba ajali ile ilitokea Agosti. Mwaka 2020 akafungiwa miaka 4. Mwishoni mwa 2022, nchi nzima ilipokuwa imebakiza kidogo kufungiwa, serikali iliahidi kutenga dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 ili kupambana na pufya, yaani dawa haramu za michezoni. Fedha hizo zilistahili kutolewa. Linalonisumbua ni jambo jingine. Alfajiri ya mkimbiaji, saa ambayo kwa watu wengine wote ni siri yao na ya waliolala nao nyumba moja, tumeijengea mtambo kamili wa kushuku, wenye ofisi, kanuni, maabara na bajeti. Cha kumjulia hali mtu huyohuyo, saa hiyohiyo, karibu hatujajenga chochote.

Na mwili wake asubuhi hiyo una mengi ya kusema. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na katika gamba la tezi hiyo hutengenezwa homoni iitwayo kotisoli. Edward Kendall, Philip Hench na Tadeusz Reichstein walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi yao juu ya homoni za gamba hilo, lakini mitaani kotisoli imepata sifa mbaya. Wanaiita homoni ya msongo wa mawazo, na kila anayeuza dawa za mitishamba mtandaoni ana chai ya kuishusha. Wanaionea. Kotisoli ndiyo inayofungulia mwili akiba ya sukari, inayosaidia kushikilia shinikizo la damu, inayotuliza uvimbe. Mtu asiye nayo hufa. Ina ratiba yake ya siku: kuelekea usiku wa manane huwa chini kabisa, hupanda pole pole kadiri kunavyokaribia kucha, halafu mtu akifumbua macho tu hupaa. Ndani ya dakika 30 hadi 45 za mwanzo, kwa watu wengi, huongezeka kwa karibu nusu ya kiwango ilichokuwa nacho au hata zaidi, ndipo ianze safari ya kushuka hadi jioni.

Kupaa huko kulielezwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 1997, na hadi leo wataalamu hawajamaliza kubishana juu ya kazi yake hasa. Maelezo yenye wafuasi wengi, nami yananivutia, ni kwamba mwili unajiandaa kwa siku unayoitarajia. Ni kama mama anayeamka kabla ya wote, akawasha moto na kubandika maji ya chai, kwa sababu anajua leo ni siku ya shule na nani atatoka saa ngapi. Siku za kazi moto huwa mkubwa. Siku za mapumziko, walipopimwa watu walewale, ulionekana kupungua. Mwenye mwili bado anapiga miayo na kutafuta ndara chini ya kitanda, na ndani yake mtu mwingine, tuseme hivyo, ameshapiga hesabu ya yanayomsubiri.

Kupima jambo hili hakuhitaji sindano. Mtu hupewa kipande cha pamba ngumu, mviringo, urefu wa kidole. Akiamka tu, kabla hajapiga mswaki na kabla chai haijagusa mdomo, hukitafuna dakika moja au mbili hadi kilowe mate, akakitumbukiza katika kichupa cha plastiki na kuandika saa. Mswaki unakatazwa kwa sababu fizi zikitoa damu kipimo kinaharibika. Baada ya muda maalumu hurudia, kisha tena, hadi saa nzima itimie, na vichupa vikakaa kwenye jokofu vikisubiri maabara. Ni kazi rahisi mno kuieleza, ila ina mtego: lazima kipande cha kwanza kitafunwe palepale mtu anapoamka. Akilala tena kidogo, akachelewa dakika kumi tu, ameshapitwa na sehemu ya kile kilichotafutwa. Na watu huchelewa, kisha wakaandika kwamba hawakuchelewa. Watafiti walipoweka pamba katika chupa zenye vifuniko vinavyojiwekea kumbukumbu ya saa ya kufunguliwa, waligundua kwamba walichoandika baadhi ya washiriki na kilichosemwa na kifuniko ni mambo mawili tofauti. Kwa hiyo hata huku, kwenye sayansi iliyokuja kwa nia njema, shaka iliingia kupitia dirishani. Nalitaja hilo kwa sababu nitalihitaji mbele.

Kitu gani basi huipandisha homoni hii kupita kawaida? Ungemwuliza mtu wa kawaida kuhusu mwanariadha, angejibu jasho: kilomita 30 za Jumamosi kwenye vumbi jekundu, milima ya Elgeyo-Marakwet, hewa nyembamba ya Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Jasho limo, hakika. Lakini mwaka 2004 wanasaikolojia wawili wa Marekani walikusanya tafiti 208 za maabara kuhusu kotisoli na msongo, wakaziweka pamoja ili waone ni majaribu ya aina gani humpandishia mtu homoni hiyo zaidi. Yaliyoshinda ni yale ambayo mhusika alihisi anahukumiwa na watu na wakati huohuo matokeo hayako mikononi mwake. Watafiti wengine, huko Ujerumani, wakawaendea wacheza dansi wa mashindano, wale wa suti na magauni marefu, wakapima mate yao siku ya mazoezi na siku ya mashindano. Mwili ulicheza dansi siku zote mbili. Homoni ilipaa siku ambayo majaji waliketi mezani. Na waliokuwa wameshindana kwa miaka mingi hawakuonekana kuwa wameizoea hali hiyo kuliko wageni.

Hapo nilisita. Tuna desturi ya kusema juu ya bingwa kwamba amezoea. Ameshakimbia London, Boston na Chicago, presha gani tena? Tunamdhania kuwa na ngozi ngumu kwa sababu tunamwona mara nyingi, ilhali kuonwa kwenyewe ndiko mzigo. Misuli huzoea mlima. Jicho la watu je, lina mazoezi yake?

Utafiti mwingine unanigusa kuliko huo, ingawa haukuwahusu wanariadha hata kidogo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo kutoka Chicago, ambako watu zaidi ya 150, wa makamo na waliokaribia uzee, waliandika kila jioni siku yao ilivyokwenda na kutoa mate kila asubuhi. Aliyelala na upweke, na huzuni, na hisia kwamba mambo yamemzidi nguvu, asubuhi iliyofuata kotisoli yake ilipanda zaidi. Jana ilikuwa imeingia katika damu ya leo. Watafiti walikuwa waangalifu kueleza kwamba huenda mwili ulikuwa unajikusanyia nguvu za kukabiliana na siku nyingine ngumu, na tafsiri hiyo ina huruma ndani yake. Haimwoni mpweke kuwa mgonjwa. Inamwona mtu ambaye mwili wake umemwamkia mapema ili umsaidie, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumsaidia.

Sasa turudi kwenye barabara za vumbi. Saa 12 asubuhi, ukiwa Iten, utayaona makundi yakikusanyika njia panda, makoti yamefungwa hadi shingoni, pumzi zikifuka kwa baridi, hakuna aliyekula kitu. Chai na mkate ni baada ya mbio. Ukiangalia kwa mbali utadhani wote wamebeba mzigo mmoja, ule wa kilomita. Sivyo. Yupo mwenye wadogo watano wa kulipiwa karo. Yupo ambaye mkataba wake wa viatu unaisha Desemba, na kampuni haijapiga simu. Yupo aliyenunuliwa tiketi ya ndege na wakala kwa mkopo, ambao utakatwa kwenye zawadi kabla zawadi yenyewe haijapatikana. Yupo anayejua kwamba kijiji kizima kimeshahesabu ng'ombe atakaochinja akishinda. Haya ndiyo yanayowasha moto alfajiri. Na yote ni mambo ya watu, si ya miguu.

Eliud Kipchoge alilisema jambo hili waziwazi kuliko bingwa yeyote wa kwetu ninayemfahamu. Kelvin Kiptum alipofariki kwenye ajali ya barabarani tarehe 11 Februari 2024, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, alikuwa na umri wa miaka 24 na rekodi ya dunia ya 2:00:35 aliyoiweka Chicago miezi minne tu kabla. Taifa lilikuwa na majonzi ya haki. Lakini kabla kaburi halijafunikwa, wakatokea watu mitandaoni wakimhusisha Kipchoge na kifo kile, bila chembe ya ushahidi, wakamtishia yeye na familia yake. Mwezi Mei mwaka huo aliieleza BBC jinsi alivyoingiwa na hofu, jinsi watoto wake waliokuwa wakienda shule kwa baiskeli walivyolazimika kuacha, akawa anawapeleka na kuwachukua. Katikati ya siku hizo alikimbia marathoni ya Tokyo, tarehe 3 Machi, akamaliza wa 10. Wachambuzi walizungumzia umri. Walihesabu miaka, wakatazama viatu, wakalinganisha kasi ya kilomita 20 za kwanza na miaka iliyopita. Sijui ni wangapi waliojiuliza mtu huyo alikuwa akiamka na nini kifuani, kila asubuhi, kwa wiki tatu.

Waliomtukana hawakuwa wageni. Walikuwa sisi: watu wanaovaa jezi ya taifa, wanaosema 'tumeshinda' akishinda na 'ameshindwa' akishindwa. Kuna ukatili mdogomdogo katika ugeuzaji huo ambao tumeshauzoea hata hatuuoni. Nimewahi kujiuliza kama mapenzi yetu kwa mashujaa wetu ni mapenzi kweli au ni aina ya umiliki. Mwenye mali huikagua mali yake, hukasirika ikipungua thamani, na haoni sababu ya kuiuliza ililalaje.

Agnes Tirop simtaji ili kumfanya mfano. Amefanywa mfano mara nyingi kuliko alivyopata kusikilizwa. Tarehe 12 Septemba 2021, katika mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, alikimbia kilomita 10 za barabarani kwa dakika 30:01, rekodi ya dunia kwa mbio za wanawake pekee. Zile 30:01 tulizijua sote, hadi tukazilalamikia hizo sekunde mbili zilizomnyima 29. Tarehe 13 Oktoba, mwezi mmoja na siku moja baadaye, aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na miaka 25. Ya mahakama tuyaachie mahakama. Baada ya mazishi, wanariadha wenzake walianzisha shirika kwa jina lake la kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa majumbani, na moja ya kazi zake za mwanzo, kwa maneno machache, ilikuwa kukaa na kusikiliza. Miaka mitatu baadaye tukampoteza tena mwingine: Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyefariki hospitalini Eldoret Septemba 2024 kwa majeraha ya moto, wiki chache baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Wanawake hawa walipimwa dawa. Walipimwa kasi, uzito, mapigo ya moyo, na viatu vyao vilipimwa unene wa soli.

Ni haki pia kusema kwamba kipo kitu ambacho watu wa riadha walikijua kabla ya maabara, nacho ni kambi. Kaptagat, ambako Kipchoge amefanya mazoezi kwa miaka mingi chini ya Patrick Sang, bingwa wa dunia hulala chumba cha kawaida, huchota maji, na husafisha choo zamu yake ikifika. Wageni kutoka Ulaya huliandika jambo hili kwa mshangao, wakidhani ni unyenyekevu wa mtu mmoja. Mimi naliona zaidi kuwa busara ya mpango mzima. Mtu anayefagia na wenzake asubuhi hajawekwa juu ya meza ya majaji. Kwa saa chache ni mmoja wa waliopo. Anayeamka na uso mzito huonwa na wenzake mezani, kabla hajasema neno. Kama upweke wa jana hupandisha homoni ya leo, basi wale waliobuni maisha ya kambi walitibu kitu ambacho hawakuwa na jina lake.

Kambi nayo si pepo. Humtenga mtu na mke au mume na watoto kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na si kila nyumba inayohimili hilo. Wanawake wengi hawaipati kwa urahisi ambao wanaume huipata, maana yupo mtoto, wapo wazee wa kutunza, yupo mume anayetaka kujua mkewe analala wapi. Tena kambi nyingi ndogo zisizo na jina ni mabati na magodoro, na kocha ambaye mkate wake unategemea vijana walewale kukimbia bila kupumzika.

Wapo watakaosoma haya na kusema dawa ni sayansi: leteni pamba, leteni vichupa, tuwapime wote kila asubuhi. Baadhi ya vilabu vikubwa vya soka Ulaya vinayo tayari mazoea ya kupima mate na usingizi wa wachezaji, na si ajabu mtindo huo ukapanda hadi Bonde la Ufa. Naomba tusikimbilie. Kwanza, namba hii haisomeki kirahisi. Ikipaa sana huenda mtu ana hofu, au ana shauku, au kesho ana mbio anazozipenda. Ikishindwa kupaa si lazima awe ametulia: uchunguzi mmoja wa Brazil uliolinganisha wanariadha wazima na waliozidiwa na mazoezi kwa muda mrefu uliwaona wale waliochoka wakiwa na kotisoli ya chini zaidi nusu saa baada ya kuamka. Mwili wao ulikuwa umeacha kuwasha moto. Kwa hiyo aliyetulia na aliyeishiwa wanaweza kuonekana sawa kwenye karatasi, na kinachowatenganisha ni mtu anayewafahamu.

Pili, mate hayo ni ya nani? Swali hili linastahili kukaliwa. Mkojo wa alfajiri ni wa sheria, na mkimbiaji ameukubali kwa kuwa bila huo ushindi wake hauaminiki. Lakini hofu yake ya asubuhi, ugomvi wa jana usiku, mimba iliyoharibika, deni, haya nayo yatawekwa kwenye jalada la nani? Wakala akiona kwamba kijana wake anaamka vibaya mwezi mzima, atampigia simu amwambie apumzike, au atatafuta kijana mwingine wa kupeleka kwenye mbio za Oktoba? Nimeshaona jinsi mashirika yanavyotumia taarifa za wafanyakazi, hata yale yasiyo na uhusiano na michezo, na sina imani kubwa. Kipimo kinachofanywa kwa jina la kujali kikiangukia mikononi mwa anayelipa mshahara hubadilika haraka kuwa kipimo cha kuchuja.

Ndiyo maana yale ya kifuniko cha chupa hayanitoki. Wale watu wa majaribio hawakuwa na cha kupoteza, hawakuwa wakigombea chochote, na bado baadhi yao waliandika saa ya uongo, labda ili waonekane wamefanya vizuri. Mkimbiaji ana cha kupoteza. Utampaje pamba ukitegemea ukweli?

Kipchoge alipofika zaidi ya kilomita 30 kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris, tarehe 10 Agosti 2024, alisimama. Hakuwahi kuacha marathoni kabla ya hapo. Alitembea, akawapa watazamaji wa kando ya barabara viatu vyake na namba yake ya kifuani, akaondoka. Baadaye alisema mgongo ulimuuma. Nyumbani, wengine waliliita tukio lile aibu. Nililitazama mara mbili, na nilichokiona ni mtu wa miaka 39 aliyekuwa ameshashinda Olimpiki mara 2, akiamua mwenyewe, mbele ya dunia nzima, kwamba leo imetosha. Uhuru huo aliununua kwa miaka ishirini ya ushindi. Simone Biles naye alijitoa katikati ya fainali ya timu mjini Tokyo mwaka 2021, akasema akili na mwili wake havikuwa pamoja, na Paris akarudi kutwaa dhahabu 3. Naye alikuwa na jina, madaktari, na mikataba iliyoendelea kulipa wakati akijiuguza.

Lakini wengi wa wale wa njia panda saa 12 asubuhi hawana hata kimoja kati ya hivyo. Hulipwa wakifika, tena wakifika miongoni mwa wa kwanza. Na tofauti huweza kuwa ndogo mno: kati ya Alphonce Simbu wa Tanzania, aliyetwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025, na Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata, palikuwa na sekunde 0.03, na wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Simbu alistahili kila shangwe aliyopewa, na Tanzania ilikuwa imeisubiri dhahabu ya kwanza ya mashindano hayo tangu yaanze mwaka 1983. Ila hebu fikiria mchezo ambao kilomita 42 huamuliwa kwa kufumba na kufumbua jicho, na zawadi ya wa kwanza ni maradufu ya wa pili au zaidi. Katika mchezo wa namna hiyo, nani atakiri kwamba ameamka amechoka?

Sehemu ndogo ya zile dola milioni 5 ingetosha kuweka, katika kila mji wa wakimbiaji, mtu mmoja au wawili waliosomea kazi hiyo, wanaojua Kikalenjin na Kiswahili, wasiopangiwa na kocha wala wakala, na ambao hawaandiki saa ya mtu yeyote. Ingetosha pia kuanzisha mfuko wa kumlipa kidogo mkimbiaji anayeambiwa apumzike miezi mitatu, ili mapumziko yasiwe adhabu. Hivi vitu havina mvuto wa picha, na mwanasiasa hawezi kuvipokea uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Lakini msichana wa miaka 22 atakayeketi na mtu huyo kwa mara ya kwanza atataka kujua neno moja kabla hajafungua mdomo: nikikwambia jinsi ninavyoamka, nafasi yangu ya kwenda kukimbia Frankfurt itabaki? Na jibu la swali hilo halimo katika mate yake. Limo kwa kocha, kwa wakala, kwa shirikisho, na kwetu sisi tulio tayari kumpigia makofi. Nani kati yetu anaweza kumjibu leo kwamba itabaki?